Kodi za California na lori langu: jibu kwa mdogo wangu

Marahaba, mdogo wangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikiwa kwenye foleni ya kupakia, ya pili nikiwa nyumbani nimeshavua viatu. Umesema tozo zimekuchosha, kila ukigeuka kuna mtu anadai risiti. Umesema huku Marekani angalau mtu akilipa kodi anaiona kazi yake, serikali inamjali. Ukaniuliza kama ni kweli, maana unafikiria kuuza kiwanja cha Kange, pale Tanga, uje tubebe boksi pamoja. Mwisho ukasema, "Kaka, usinifiche."

Sikufichi. Nitakuambia ninayoyaona mimi hapa Fresno, California, baada ya miaka kumi na minne ya kuishi na kulipa.

Nyinyi kijiweni mnabishana Trump na Biden. Anayenigusa mimi kila siku siyo yule wa Washington. Ni serikali ya jimbo, iliyoko Sacramento, kama saa tatu kwa gari kutoka hapa. Jimbo huku ni serikali kamili: lina gavana, lina bunge, lina kodi yake ya mapato na sheria zake za magari, za kazi na za biashara. Ukivuka mpaka ukaingia Nevada, kodi ya mapato ya jimbo haipo kabisa. Hapa ipo, na ngazi ya juu inafika asilimia 13.3. Hiyo ni ya mamilionea, hainihusu. Ya kwangu ni ndogo, na nitakuwa mwongo nikikuambia ndiyo inayonimaliza.

Kinachonimaliza ni matone. Kwenye mshahara wangu, baada ya makato ya Washington na kodi ya jimbo, kuna bima ya ulemavu ya jimbo, ambayo mwaka 2025 ilikuwa asilimia 1.2. Kinachobaki naingia nacho dukani. Kodi ya mauzo ya jimbo inaanzia asilimia 7.25, kaunti na miji inaongeza ya kwake, hapa Fresno inapita 8. Bei unayoiona kwenye rafu siyo utakayolipa. Kodi unakutana nayo kaunta. Naenda kuweka mafuta: kwa kila galoni ya petroli, yaani kama lita 3.8, Julai 2025 jimbo lilifikisha senti 61.2. Serikali kuu inachukua senti 18.4 na haijaongeza hata senti tangu 1993. Hii ya jimbo imefungwa na mfumuko wa bei, kila tarehe 1 Julai inapanda yenyewe bila bunge kukaa. Wapiga kura waliulizwa mwaka 2018 kama nyongeza ile ifutwe, wakakataa, kwa sababu barabara zilikuwa mbovu kweli. Hilo nalikubali. Lakini nenda ukaangalie nani kasimama kwenye pampu. Mwenye hela ana gari la umeme, na kwa miaka mingi jimbo lilikuwa linatoa ruzuku ya kununulia magari hayo. Anayebaki kwenye pampu ni mchuma zabibu anayetoka Mendota alfajiri na gari la miaka ishirini, akiweka mafuta ya dola kumi kumi.

Sasa habari ya lori. Nyumbani niliwaambia niliuza nikapata faida. Haikuwa hivyo.

Mwaka 2017 nilinunua kichwa cha lori chenye injini ya 2008 kwa dola 31,000. Sehemu ilikuwa akiba, sehemu ilikuwa upatu tuliokuwa tunacheza na Wakenya na Watanzania wenzetu wa hapa, iliyobaki ni deni. Nilikuwa nabeba lozi kutoka viwanda vya bonde hili kwenda bandari ya Oakland. Natoka saa kumi usiku, barabara nyeupe kwa ukungu, chai ya tangawizi kwenye chupa, na ile ngurumo ya injini ambayo nilikuwa naijua kama sauti ya mtu. Oili nilibadilisha mwenyewe, shemeji yako akinishikia tochi. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii sikuwa na bosi.

Kanuni ya jimbo ilikuwepo tangu 2008: lori zito la dizeli liwe na injini ya 2010 au ya baada ya hapo, na mwisho ni tarehe 1 Januari 2023. Baada ya hapo kadi ya lori haihuishwi, na lori lisilo na kadi halipandi barabarani. Nilijua. Nilijipa miaka mitano ya kulipa deni, niuze, nichukue jipya. Korona ikaja, mizigo ikasimama. Mizigo iliporudi, kila mtu akataka lori, na bei ya lori zilizotumika zikapanda karibu mara mbili. Lile nililokuwa nalipigia hesabu likawa haliguswi. Nikaomba ruzuku ya kubadilisha. Walitaka vitabu vya hesabu vya miaka mitatu, kumbukumbu za kila maili niliyoendesha ndani ya jimbo, picha za injini, nukuu ya bei kutoka kwa muuzaji. Nilijaza usiku baada ya kazi, na nakala ya kila karatasi nimeitunza hadi leo kwenye kabati. Baada ya miezi saba ikaja barua ya aya moja: fungu limekwisha, ujaribu duru ijayo. Duru ijayo ilikuwa nje ya tarehe yangu.

Desemba 2022 nililiuza kwa mtu wa Arizona, dola 9,500. Alikuja na mwanawe. Akalizunguka, akapiga tairi teke, akapanda, akaliwasha. Likawaka mara moja. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, mdogo wangu: lilikuwa zima. Halikufa. Lilihamishwa tu, na moshi ule ule unatoka huko linakofanya kazi sasa. Mimi nilibaki uani nimeshika hundi, na bado nadaiwa dola 6,000.

Hata kufa kwa biashara huku kunalipiwa. Nilikuwa nimesajili kampuni ndogo ya mtu mmoja. Kampuni ya namna hiyo California inalipa dola 800 kila mwaka kwa kuwepo tu, upate faida usipate. Mwaka ule wa mizigo kusimama nililipa 800. Kuifunga nikachelewa fomu, Januari ikaingia, nikalipa 800 nyingine kwa kampuni isiyo na hata tairi moja.

Usije ukadhani napinga hewa safi. Mwanetu wa pili ana pumu. Bonde hili la San Joaquin ni kati ya sehemu zenye hewa mbaya zaidi Marekani. Limezungukwa na milima, moshi ukiingia unakaa kama kwenye sufuria iliyofunikwa. Septemba 2020 ule moto mkubwa wa msituni ulipowaka mashariki yetu, jua lilikuwa jekundu saa sita mchana na majivu yalikuwa yanatua kwenye kamba ya nguo. Usiku ule nilikaa naye sakafuni, nimemshikia inhela na ile chupa yake ya plastiki, nahesabu pumzi moja moja, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta. Kwa hiyo najua kanuni ile ilitungwa kwa ajili ya mapafu ya nani. Kama wangeniambia nichangie ningechangia. Lakini hawakusema tuchangie. Kampuni yenye malori mia mbili ilikuwa na mhasibu wa kujaza yale makaratasi na benki ya kuikopesha. Mwenye lori moja aliambiwa tarehe.

Na ningevumilia hata hilo kama wanaonihesabia wangekuwa wanajihesabia na wenyewe.

Kusini mwa mji wetu, juu ya barabara kuu ya 99, kuna daraja la zege lenye matao, refu zaidi ya kilomita moja. Napita chini yake nikienda na kurudi kazini. Ni la treni ya mwendo kasi. Mwaka 2008 wapiga kura waliidhinisha mkopo wa dola bilioni 9.95, wakaambiwa njia nzima ya San Francisco hadi Los Angeles itagharimu kama bilioni 33 na treni itatembea 2020. Ujenzi ulizinduliwa hapa hapa Fresno Januari 2015. Mwaka 2019 Gavana Newsom alipoingia akasema waelekeze nguvu kwanza kwenye kipande cha Merced hadi Bakersfield, huku bondeni kwetu. Makadirio ya njia nzima sasa yamepita dola bilioni 100. Julai 2025 serikali kuu ikaondoa bilioni 4 zake. Juu ya zege lile hakijapita kitu zaidi ya ndege.

Unakumbuka mama alipopanda treni ya umeme kwenda Dodoma kwa shangazi, akanitumia picha aliyopiga dirishani, mashamba ya mkonge yanapita? Picha ile niliipokea nikiwa kwenye foleni ya magari, na daraja lile liko mbele ya kioo changu. Nilifurahi kwa ajili ya mama mpaka machozi yakanilenga. Halafu nikakasirika, na hasira ile haijaniisha.

Aprili 2024 mkaguzi wa jimbo alitoa ripoti kuhusu watu wasio na makazi. Katika miaka mitano jimbo lilitumia kama dola bilioni 24, na halikufuatilia kwa uhakika kama hela ile imeleta matokeo gani. Mwaka huo watu zaidi ya 180,000 walikuwa wanalala nje au kwenye makazi ya dharura katika jimbo hili. Mwaka 2021 jimbo lenyewe lilikiri kwamba kama bilioni 20 za mafao ya wasio na kazi ziliingia mikononi mwa matapeli wakati wa korona, na baadhi ya madai yaliandikwa kwa majina ya wafungwa. Mimi nikichelewesha dola 800, riba yangu inahesabiwa kwa senti. Bilioni 24 hakuna anayejua kwa uhakika zimeleta nini. Ukitaka kujua nini kinanikosesha usingizi huku, ni hicho, kuliko baridi na kuliko upweke.

Nyinyi mna CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ripoti yake inatoka kila mwaka, mnaisoma, mnaguna, mnarudi kazini. Huku pia, ndugu yangu. Tofauti ipo, nisiwe mchoyo wa kuisema: tangu nifike hakuna karani wala askari wa barabarani aliyeniomba kitu kidogo. Na lori lilipoondoka, kipato kikashuka, tukaingia kwenye bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo. Inhela, daktari wa mapafu, siku tatu za wodini, hatukutoa senti. Ile ni kodi, na niliiona kwa macho yangu ikifanya kazi. Ndiyo maana sikuhamia Texas na wenzangu wa upatu. Kule jimbo halina kodi ya mapato, lakini mmoja wao alinunua nyumba na kodi ya jengo anayolipa serikalini kwa mwaka inamfanya akae kimya simuni. Na sisi daktari wa mtoto yuko hapa, shemeji yako kazi yake ya uuguzi iko hapa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hamlifikirii mkiwa huko. Mimi sina kura. Nina kadi ya ukaazi tu. Uraia sijauchukua kwa sababu Tanzania hairuhusu uraia pacha, na sitaki kuingia Tanga kama mgeni siku nitakapokuja kumzika mzazi wangu. Kwa hiyo nalipa kila kinacholipwa, nafuata kila kanuni, na siku ya uchaguzi naendesha lori la bosi kama kawaida.

Najua tozo ni mzigo. Julai 2021 zilipoanza zile za miamala ya simu, mama alinipigia akaniambia hela niliyomtumia imeliwa njiani kabla haijafika dukani, na niliona aibu kama vile mimi ndiye niliyemkata. Zilipigiwa kelele, zikapunguzwa, nyingine zikafutwa. Sikuambii uridhike. Nakuambia usiuze kiwanja kwa kudhani unakimbia serikali inayokukamua kwenda kwa inayokujali. Ukija, uje kwa sababu ya kazi uliyokwisha kuipata na karatasi zilizonyooka.

Kwa hiyo hati ya Kange usimkabidhi dalali yeyote kabla hatujaongea. Jumapili saa tatu usiku ya kwenu nitakupigia, uwe na daftari. Andika bei uliyopewa, gharama za viza na nauli, mimi nitakusomea kodi ya chumba ya hapa, bima ya gari na makato ya mshahara wa mtu anayeanza, tutoe mstari kwa mstari.

Na hili la lori usimwambie mama. Nitamwambia mwenyewe.