Kabla hujaenda kusomea ubunifu wa katuni na gemu

Kama una nia ya kwenda chuoni kusomea ubunifu wa mwonekano wa katuni na gemu, kwanza ijue kazi yenyewe. Hapa Lamu ukisema unasomea katuni, watu hudhani utakuwa mchora vikaragosi wa magazetini. Mbunifu wa mwonekano ni yule anayekaa na hadithi kabla haijahuishwa, yaani kabla picha hazijafanywa zitembee, akaamua mhusika ana umbo gani, nyumba yake imejengwaje, jua linaingilia wapi, na rangi zitabadilika vipi tangu mwanzo hadi mwisho. Mchoro wake hauendi kutundikwa ukutani. Unakwenda kwa mwenzake atakayeujenga kwenye kompyuta, na huyo mwenzake asipouelewa, uzuri wake haujasaidia kitu.

Kwa hivyo nawahimiza wadogo zangu wajizoeze kuuliza kwa nini kitu kiko hivyo kilivyo, kabla hawajagusa programu yoyote. Aliyekulia Amu, yaani hapa Lamu, ana pa kuanzia. Tazama nyumba ya kale ya mawe. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na sababu ni boriti: dari imebebwa na miti ya mikoko, ambayo haivuki chumba kipana zaidi ya mita 3 hivi. Ukishapita daka, kibaraza cha mlangoni, njia inapinda kabla ya kufika ua wa ndani, ili mpita njia asiwaone wenye nyumba. Nilipopewa chuoni kazi ya kubuni nyumba ya mfanyabiashara kwa ajili ya gemu, nilianzia kwenye boriti. Upana wa chumba ukanipa mahali pa kitanda, kitanda kikanipa mahali pa taa, na ua ukaniambia mwanga wa mchana unakomea wapi. Mwalimu aliuliza maswali mengi siku ile, na majibu yote yalikuwamo ndani ya nyumba.

Zoezi lililonifaa kuliko yote nilijipa mwenyewe: wanawake watatu wamevaa buibui jeusi, wanatembea Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, na mtazamaji awatofautishe kwa mbali bila kuona uso. Rangi haikusaidii hapo, wala nguo. Linabaki umbo. Bibi mzee nilimjenga kwa pembetatu pana chini, hatua fupi, mkono mmoja ukutani. Mama anayetoka sokoni, kapu linamvuta bega upande mmoja, na upande huo pindo la buibui linaburura chini. Msichana wa sekondari ana haraka, upepo wa baharini unalipeleka buibui nyuma, mwili wote umekuwa mstari wa mshazari. Niliwachora kwa weusi mtupu, wadogo wa urefu wa kidole gumba, nikafuta nikarudia, bila kugusa macho wala pua. Mama yangu alipita nyuma yangu, akainama kutazama karatasi. "Huyu si yule bibi wa mtaa wa Langoni?" akauliza. Hapo nikajua umbo limekaa sawa.

Zoezi hili lifanye hata kama hujapata nafasi chuoni, kwa sababu halina gharama.

Kisha fikiria mhusika wako anakwenda kuishi wapi. Katika gemu nyingi kamera hukaa nyuma yake, mchezaji anautazama mgongo saa nzima, basi ubuni mgongo kwa uangalifu uleule unaoupa uso. Katika katuni ya kuchorwa kwa mkono, hesabu ni nyingine. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Hata wakichora mchoro mmoja kwa kila picha mbili, ni michoro 12 kwa sekunde, na kila ua la leso uliyomvisha litachorwa upya mara zote hizo. Mpunguzie mwenzako mzigo: acha pindo na maua machache makubwa. Katika 3D, ambako mhusika hujengwa kwenye kompyuta kama sanamu, mambo hugeuka. Maua hubandikwa mara moja tu, lakini buibui pana linalopepea huipa kompyuta hesabu nzito. Mbunifu anayejua haya hupendwa na kundi lake, na mimi naona chuo kisichoyafundisha kinamwonea mwanafunzi.

Rangi jifunze kwa karatasi na rangi za maji. Chagua ukuta mmoja wa chokaa, uchore asubuhi, adhuhuri na jioni. Finya macho uone kwanza penye mwanga na penye kiza. Ukitulia utaona kivuli cha ukuta mweupe si kijivu: juu kimechukua buluu ya mbingu, chini kimepokea joto la rangi ya mchanga. Ukiwa na jicho hilo, somo la mpangilio wa rangi halitakusumbua. Humo filamu nzima huwekwa kwenye ukanda wa picha ndogondogo, ili furaha na huzuni zisomeke kwa rangi tu. Ralph Eggleston aliifanya kazi hiyo kwa pasteli, chaki za rangi, katika Toy Story, filamu ndefu ya kwanza ya studio ya Pixar ya Marekani, ya mwaka 1995.

Zana zisikuumize kichwa. Krita, programu ya kuchora, ni bure, na Blender, programu ya 3D, ni bure. Katika Blender jenga chumba kwa maboksi, weka kamera, kisha chora juu yake. Kompyuta yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16 inatosha kuanzia, na tableti ya kuchorea, ndogo isiyo na skrini, ni afadhali kuliko kukopa kununua ya skrini.

Kuhusu chuo, jiandae kuvuka kwa boti hadi Mokowe, bara, na kupanda basi. Nairobi kuna Africa Digital Media Institute na Shang Tao Media Arts College, kutaja viwili. Popote uendako, kabla ya kulipa karo omba kuona kazi za waliomaliza karibuni, uliza walimu wamewahi kufanya kazi gani, na uliza kama kuna kuchora mtu aliyekaa mbele yako kila wiki. Wakikujibu kwa orodha ya programu peke yake, tafuta kwingine.

Nyumbani kwetu wako wanaoona uzito kuchora viumbe kwa sababu ya dini, na jambo hili usilipuuze wala usilifiche. Kaa na wazazi, muulize ustadhi wako, uwaeleze kazi ilivyo. Wapo wabunifu wanaoshughulika na mazingira na vyombo tu: mitaa, majahazi, milango, taa. Hiyo ni kazi kamili, na studio zinaihitaji.

Wakiuliza ajira iko wapi, wape mfano wa Tinga Tinga Tales, katuni ya watoto ya televisheni. Ilihuishwa Nairobi, ikaonyeshwa Uingereza kuanzia 2010, na mwonekano wake ulitokana na wachoraji wa Tingatinga, mtindo wa uchoraji wa Tanzania. Waambie pia ukweli kwamba kazi za kudumu ni chache, wengi wetu hufanya kwa mkataba, na mkataba ukiisha tunachora vitabu vya watoto na matangazo.

Potfolio yako, yaani mkusanyo wa kazi unazowaonyesha watu, iwe ya dunia moja iliyochimbwa vizuri: wahusika wake, nyumba zao, vyombo vyao, saa mbalimbali za siku. Wahusika maarufu wa watu wengine usiwaweke. Onyesha michoro midogo ya mwanzo, ili msomaji aone ulivyofikiri, na kama mlifanya kwa kundi andika nani alifanya nini. Faili iwe nyepesi na ifunguke kwenye simu, maana mtu wa kwanza kuitazama huenda yuko ndani ya matatu akielekea kazini.