Ruta ya zamani inabana spidi?

SWALI: Shikamoo anko, niko Ngamiani Tanga, nalipia faiba ya Mbps 200 ila simu inasoma 20 tu, shida ni ruta yangu ya zamani?

JIBU: Marahaba mwanangu, inawezekana kabisa. Chomeka laptopu kwa waya upime, ikigota kwenye 94 hivi ujue poti za ruta ni za Mbps 100, hapo hata ulipie vipi haziongezeki (waya mbovu nao unafanya hivyohivyo, jaribu mwingine). Waifai ya 802.11g (toleo la zamani la waifai) ndo kabisa, kwenye karatasi ni 54, ukipima unapata kama 20, na inatumia masafa ya 2.4 GHz ambayo mnagombania na majirani wote. Usiongeze kifurushi aisee, tafuta ruta yenye masafa ya 5 GHz na poti za gigabiti (Mbps 1000), uiweke sebuleni pawazi maana 5 GHz inachoka haraka ikikutana na kuta.