Ile meli ya Wareno pale Fort Jesus tutaiona?

SWALI: Mhariri, Desemba tunashuka Mombasa na watoto, kitinda mimba wangu kaniganda anataka kuona meli iliyozama Fort Jesus. Ipo kweli?

JIBU: Karibuni sana dadangu! Meli yenyewe, Santo António de Tanna, ingali imelala chini ya maji mbele ya ngome, ilizama 1697 ikija kuwaokoa Wareno waliozingirwa na Waomani, ila wapiga mbizi walioichimbua kuanzia 1977 walitoa vitu kibao na vingine viko humo ndani makumbusho, kwa hiyo msimkimbize mtoto, mwacheni avitazame kimoja kimoja. Nendeni asubuhi jua halijakolea. Halafu pandeni ukutani mpigwe na kaskazi, upepo uleule uliokuwa ukileta majahazi ya Arabuni na India msimu huu.