Kwa makarani wapya wa daftari la wavuvi, Malindi

Kaskazi imeanza kuvuma, wavuvi wa dago wanawasili, na nimewaona tena vijana wetu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, wakimwuliza kila mwenye lafudhi ya Pemba swali moja: "Utarudi kwenu lini?" Kwa kuwa niliwatangulia kuliuliza, tena kwa sauti kubwa kuliko yenu, nawaandikia.

Kwanza, watenganisheni watu wawili. Yupo mvuvi wa dago, ajaye na kaskazi kutoka Pemba, akapiga kambi na kurejea kusi ikikaribia. Na yupo Mpemba wa hapa, ambaye wazee wake walihamia pwani hii zamani, naye akazaliwa hapa, lakini akaishi bila kitambulisho mpaka Serikali ilipowatambua Wapemba kuwa raia wa Kenya mwaka 2023. Kabla ya hapo leseni ya uvuvi ilimpiga chenga, na laini ya simu aliisajili kwa jina la jirani.

Mimi niliwachanganya. Nahodha mmoja mzee, wa mashua ya jarife, wavu mkubwa wa kunasia papa, alisimama mezani pangu miaka hiyo ya kukosa vitambulisho, nami kwa kusikia matamshi yake tu nikamwandika katika kurasa za wageni na kumdai hati ya kusafiria. Akasema kwa upole, "Mwanangu, mama yangu amezikwa nyuma ya msikiti huu unaosali wewe." Badala ya kufuta, nikamjibu kwamba daftari halina safu ya makaburi, foleni ikacheka, nami nikajiona hodari. Kati ya waliocheka walikuwamo wajukuu wa Wabajuni waliokimbia vijiji vya bara ya Lamu wakati wa vita vya Shifta, miaka ya 1960, na mimi mwenyewe ni mmoja wao. Haukupita muda polisi wa doria wakaomba daftari na kuufuata mwandiko wangu. Mzee alilala kituoni, mabaharia wake hawakwenda baharini, na tajiri aliyewakopesha mafuta na barafu akaanza kudai chake. Nilipokwenda kuomba radhi alinikaribisha chai, akazungumzia bei ya papa mpaka nikaaga, na lile jambo lenyewe hakulitaja kabisa.

Pili, msimwulize mtu kabila lake mbele ya foleni.

Tatu, mgeni aulizwe tajiri wake ni nani. Mvuvi wa dago huingia mjini kwa mlango wa tajiri, ambaye humpa nyavu na mafuta, hununua samaki wake na mara nyingi humtafutia pa kulala. Na mwenye deni haondoki hata kusi ikivuma. Wapo waliooa hapa wakisubiri deni liishe, na deni bado lipo, na watoto wanasoma. Mtu wa namna hiyo akifika mezani msimkisie: mwacheni aseme mwenyewe makazi yake, kisha mwombeni kitambulisho kama mnavyowaomba wengine wote.