Anzia nje, mwanangu

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako ulinifikia juzi baada ya swala ya Isha, na zile picha nne nimezitazama mara mbili, mara ya pili dada yako akinikuzia kwenye simu. Umeniuliza mambo mawili: uanze na chumba kipi, na kama unaweza kuziba kwa saruji pale ukuta wa sebule unapobanduka, kisha upake rangi ya mafuta ili mkeo apate kuufuta kwa kitambaa. Umesema kazi utaifanya mwenyewe Jumamosi na Jumapili, chumba baada ya chumba, kadiri mshahara unavyoruhusu. Nimefurahi sana. Tangu nihamie huku kwa ajili ya kliniki, nimekuwa nikiiwazia nyumba ile kama mtu anavyomuwazia mgonjwa aliyemwacha peke yake.

Nianze na la pili, maana ndilo zito. Saruji usiiguse kwenye kuta zile. Hata kiraka cha kiganja kimoja.

Nyumba yetu ya Bagamoyo si ya matofali. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga, unene karibu nusu mita. Jiwe la matumbawe lina vitundu tele, na hunyonya maji ya ardhini kama utambi wa kibatari unavyonyonya mafuta ya taa. Wazee waliojenga Bagamoyo waliachia maji hayo njia ya kutokea. Chokaa hupitisha unyevu: maji yanapanda kidogo, yanafika usoni mwa ukuta, upepo wa bahari unayachukua. Saruji huyafungia. Ukiipaka kuanzia sakafuni hadi kiunoni, maji yatapanda mpaka yavuke kiuno yapate pa kutokea. Na hayapandi peke yake, hubeba chumvi. Chumvi ikikaukia nyuma ya plasta hugeuka chembe ngumu, chembe zinakua, zinasukuma. Ule unga mweupe kwenye picha yako ya tatu ni chumvi hiyo. Rangi ya mafuta hufanya yale yale, ila taratibu zaidi, na sebuleni ndiyo iliyoleta maradhi.

Nayajua haya kwa sababu niliyafanya. Ulikuwa darasa la tatu. Nilitaka kumtengenezea bibi yako chumba kizuri, nikasikiliza ushauri wa fundi mmoja, nikanunua mifuko minne ya saruji. Nilibandua chokaa ya zamani kwa patasi, chokaa iliyokuwa bado nzima, nikapiga plasta mpaka usawa wa kifua na kupaka rangi ya mafuta, nyeupe kama maziwa. Ukuta ulimeremeta, majirani wakaja kuuona. Masika ya pili ikafika, nikaona mstari wa unyevu umepanda juu ya saruji, umekaribia dirisha. Kanga za bibi yako ndani ya sanduku zikashika ukungu. Siku moja nikakuta amesogeza kitanda katikati ya chumba. Nikadhani anatafuta upepo. Usiku mmoja kipande kizima cha plasta kikaanguka, na kilipoanguka kiling'oa na mawe, maana saruji ilikuwa imeshika kwa nguvu kuliko jiwe lenyewe linavyoweza kuvumilia. Nilipoingia na taa alikuwa amekaa kitandani, akaniambia, "Ukuta umechoka, baba." Hakunilaumu hata mara moja, mpaka alipofariki. Mimi najua aliyeuchosha.

Sasa, uanze na chumba kipi? Usianze na chumba. Anzia nje. Kwenye picha ya kwanza nimeona umerundika kifusi kwenye ukuta wa uani. Kiondoe kesho, maana kifusi kile kinanyweshea ukuta maji kila mvua inaponyesha. Kisha pima: ardhi ya nje isiwe juu kuliko sakafu ya ndani. Miaka yote hii mchanga umekuwa ukijaa upande wa barabarani, na nadhani umeshapita kizingiti. Uchimbe, uutoe, uache mteremko wa kupeleka maji mbali na nyumba. Panda juu ukague bati na misumari yake, safisha gata. Tazama pia simtanki karibu na bafu, kama bomba linavuja hata tone. Kazi hizi hazipendezi machoni na hakuna atakayekuja kuzitazama, lakini nusu ya maradhi ya kuta zako yataisha hapo kabla hujafungua kopo la rangi.

Ukimaliza, ingia chumba cha kushoto, mlichokuwa mkilala ninyi. Ni kidogo na ndicho kikavu kuliko vyote, kwa hiyo jifunzie mkono wako hapo, sebule ije baadaye.

Rangi ya zamani ilowanishe kwanza ndipo uikwangue. Usiipige msasa ikiwa kavu, kwa sababu rangi za mafuta za zamani huenda zikawa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa mtoto wako. Vaa barakoa, mtoto na mama yake wawe nje. Plasta inayotoa sauti ya utupu ukiigonga, iondoe. Inayolia kama jiwe, iache. Piga brashi kavu kuondoa chumvi, fagia uitupe mbali, usiioshe kwa maji ikarudi ukutani.

Chokaa ndiyo kazi yenyewe, na itakudai subira. Ukipata ile ya mawe ambayo haijazimwa kwa maji, jihadhari sana: ukiitia majini huchemka, na ikiruka machoni inapofua. Vaa miwani na glavu, tia chokaa ndani ya maji kidogo kidogo, usimimine maji juu ya chokaa. Ikishapoa iache imefunikwa na maji kwa wiki kadhaa, kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Ile ya mifuko, iliyokwisha kuzimwa, iloweke angalau usiku mmoja. Changanya ndoo moja ya chokaa na ndoo tatu za mchanga wa mtoni uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni hata kama uko hatua ishirini kutoka mlangoni usiuguse, una chumvi.

Lowanisha ukuta mpaka uache kunywa kwa pupa, kisha paka tabaka jembamba, kama sentimita moja, ulikandamize kwa mwiko. Subiri siku kadhaa ndipo uweke jingine. Chokaa hukauka polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka hewani, nayo haitaki kuharakishwa. Ikikauka ghafla hupasuka. Kwa hiyo kazi hii usiifanye wakati wa masika, ngoja kuanzia Juni, na kwa kuwa kusi huvuma kwa nguvu miezi hiyo, tundika magunia yaliyolowa madirishani na unyunyize maji ukutani asubuhi na jioni. Mwisho kabisa paka chokaa nyepesi kama maziwa, mara nne au tano, kila mkono ukikauka ndipo mwingine. Mkono wa kwanza utakukatisha tamaa, hauonekani kabisa. Endelea.

Mkeo mwambie kwamba ukuta wa chokaa haufutwi kwa kitambaa. Hupakwa upya, labda kila mwaka kabla ya Idi, kama bibi yako alivyokuwa akifanya kabla sijamharibia. Na siku moja mpeleke kwenye magofu ya Kaole, si mbali, kilomita tano hivi. Mtazame msikiti ule wa karne ya 13, mawe ya matumbawe na chokaa kama yetu. Aweke mkono ukutani ausikie ulivyo.

Marumaru ulizoniuliza za sebuleni sizipendi hata kidogo, kwa sababu maji yakifungiwa chini ya sakafu yatakimbilia kutani. Bafuni ni habari nyingine. Pale maji yanatoka juu, saruji na marumaru ndiyo mahali pake, ila hakikisha sakafu inateremka sentimita mbili kwa kila mita kuelekea tundu la maji, na usizipandishe kwenye ukuta wa kati unaopakana na chumba cha kulala.

Boriti za darini zichome kwa bisibisi, hasa ncha zilizoingia ukutani, ndiko zinakoozea. Bisibisi ikizama, usijaribu kuibadilisha peke yako, mwite fundi seremala anayezijua nyumba hizi, aweke nguzo za muda kwanza. Wala usimwagize mtu akukatie mikoko ya boriti mpya kule mtoni, imelindwa kisheria na inahitaji kibali. Upana wa vyumba vyetu umetokana na urefu wa boriti zile, kwa hiyo lile wazo lako la kuvunja ukuta ili vyumba viwili viwe kimoja liache kabisa. Ukiona vinjia vya udongo vikipanda ukutani, ni mchwa, wafuatie mpaka chini.

Umeme, fundi mwenye leseni ya EWURA. Hapo sina la kuongeza.

Mlango mkubwa usiupake chochote mpaka umeshauriana na watu wa Idara ya Mambo ya Kale, wanaosimamia majengo ya kihistoria. Vivyo hivyo baraza na uso wote wa mbele. Vumbi kwenye nakshi litoe kwa brashi laini, mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, uufute kwa kitambaa kikavu, basi. Babu yako hakuwahi kutia rangi pale.

Kimebaki chumba cha bibi yako. Kwenye picha ya nne nimeuona ukuta wangu, saruji ileile, ile iliyobaki, na mstari umefika karibu na boriti. Usiuguse. Daktari amesema nikimaliza dawa mwezi wa tano naweza kusafiri, na dada yako ameshakubali kunisindikiza. Nitakuja na mwiko wa babu yako, uko huku kwenye sanduku langu. Wewe loweka chokaa mapema. Saruji ile tutaibandua pamoja, taratibu, kwa patasi ndogo, mawe yasing'oke tena.

Nisalimie mkeo, umbusu mtoto.

Baba yako