Zunguka Soko Kwanza, Ndipo Ule

Nimekulia hatua chache kutoka uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu. Jioni mishkaki ikianza kutoa moshi na mkate wa mofa ukifika ungali moto, sina la kuchunguza. Muuzaji namjua, mamake namjua, nyama kaitoa kwa nani najua.

Nilipofika George Town, kisiwani Penang, Malaysia, nilijiona niko nyumbani. Ni mji wa kale wa bandari kama wetu, uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, miaka 7 baada ya Lamu. Nikala kama ninavyokula Mkunguni, na hapo ndipo nilipokosea.

Soko la usiku huko huitwa pasar malam, na mengi huhama: leo mtaa huu, kesho ule. Muulize mwenyeji wako zamu ya leo iko wapi. Mimi niliingia na njaa, nikasimama meza ya kwanza, nikapakuliwa tambi za kamba zilizokaa kwenye sinia bila moto chini yake. Siku nzima iliyofuata sikutoka chumbani.

Tangu hapo sinunui kitu kabla sijalizunguka soko lote. Simjui muuzaji, basi nautazama moto wake. Namtafuta anayepika kitu kimoja tu, mwenye foleni ya akina mama na watoto, na asiyeshika pesa kwa mkono unaoshika chakula. Satay, mishkaki midogo ya huko, huchomwa ukiona. Mchuzi wake ni wa njugu, kwa hivyo mwenye mzio ajihadhari. Ukitaka pilipili kidogo sema "kurang pedas", na kwa vinywaji "kurang manis", sukari kidogo. Utalihitaji hilo la pili kila siku.

Ndugu Waislamu, msijiachie kwa sababu tu nchi ina misikiti. Alama rasmi ya halali hutolewa na JAKIM, idara ya serikali. Kibao kinachosema hakuna nguruwe hakikuambii kuku kachinjwa vipi. Ulizeni.

Bebeni pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji mtu akiharisha. Ukizikosa, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe kidogo kidogo. Ukiona damu chooni au ukipata homa kali, nenda hospitali.

Usiku wa mwisho nilimkuta mzee akiurusha unga mpaka ukawa mwembamba kama shashi. Akamimina mayai, nyama ya kusaga na vitunguu, akakunja pembe nne juu ya bamba la moto. Murtabak, akaniambia. Kwetu pwani ni mkate wa mayai. Niliula nimesimama, na vitunguu vya siki pembeni, kisha nikaagiza wa pili.