Chupa za kutikisa: glita inaelea, mafuta yanakuwa kama maziwa, kizibo kinavuja

Barua kadhaa zimetufikia kuhusu chupa za plastiki zinazotiwa maji, glita au nafaka ili mtoto mdogo atikise, atazame na asikilize. Tunajibu nne.

*Nilitia maji, rangi na glita kwenye chupa ya nusu lita. Glita nyingine imeng'ang'ania juu, nyingine inazama mara moja. Nimekosea wapi?* — Mama wa watoto wawili, Morogoro

Mama, hapo kuna mambo mawili. Glita ya juu imeshikiliwa na utando wa maji. Tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo linatosha kuiachia. Ukizidisha, chupa itajaa povu.

Inayozama haraka inazama kwa sababu maji matupu ni mepesi mno. Chemsha maji, yaache yapoe hadi uvuguvugu (yakiwa ya moto, chupa itajikunja), kisha mimina mililita 300. Ongeza mililita 100 za gundi angavu ya watoto wa shule, funga, tikisa mpaka nyuzi za gundi zisionekane tena. Kwenye maji baridi gundi hukaa mabonge chini. Sasa tia kijiko kimoja cha chai cha glita na tone moja la rangi ya chakula, si zaidi ya mawili, maana rangi nzito huificha glita. Acha chupa usiku kucha mapovu yapande, ndipo uongeze maji na kubakiza nafasi ya vidole viwili juu. Bila hewa hiyo vitu havichezi.

Kabla ya kuifunga moja kwa moja, itikise na uitazame. Glita ikitua yote kabla ya dakika moja, ongeza gundi. Ikining'inia bila kushuka, punguza mchanganyiko kidogo, ongeza maji. Ukipenda glisirini badala ya gundi, weka nusu kwa nusu na maji. Theluthi haileti tofauti kubwa.

*Chupa yangu ya maji ya bluu na mafuta ya kula inaonekana ya kijani, na nikiitikisa inakuwa kama maziwa.* — Msomaji, Kisumu

Mafuta ya kula yana umanjano, na bluu ikionekana kupitia umanjano huwa kijani. Yakikaa muda mrefu pia huchacha. Tumia mafuta angavu ya kupaka watoto. Changanya rangi na maji kwanza, kwa kuwa rangi ya chakula haiyeyuki kwenye mafuta. Weupe wa maziwa mara nyingi unatokana na sabuni iliyobaki chupani. Suuza mara tatu, na katika chupa hii usitie sabuni hata tone.

*Nifungeje kizibo? Selotepu imeachia.* — Mlezi wa kituo cha watoto, Tanga

Selotepu peke yake haifai, mtoto huipata ncha na kuibandua. Chagua chupa ya soda, kwani zile nyepesi za maji hupasuka zikikanyagwa. Futa hesi za mdomo wa chupa kwa kitambaa chenye spiriti, zikauke kabisa. Gundi haishiki penye mafuta wala unyevu, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Zungushia supagluu ndani ya kizibo, kaza kwa nguvu, acha saa 24. Kisha ilaze juu ya gazeti hadi kesho yake. Gazeti likilowa, anza upya. Selotepu iwe ya mwisho, juu ya gundi.

*Mtoto wangu ana miezi tisa. Naweza kutia shanga na choroko?* — Baba, Dodoma

Choroko, dengu au uwele vinafaa kwenye chupa kavu tu. Vikaange bila mafuta kuua fukusi, vipoe kabisa, ujaze theluthi ya chupa. Ikijaa zaidi, haitoi mlio. Ukivitia kwenye maji vitavimba na kuoza. Misumari na vibanio vya chuma navyo hushika kutu majini.

Shanga za kawaida unaweza kuzitia, mradi kizibo kimegundishwa. Ila zile za jeli zinazovimba zikilowekwa, betri ndogo za saa na sumaku usizitie kabisa. Shanga ya jeli ikimezwa huvimba tumboni na kuziba utumbo. Betri huunguza koo ndani ya muda mfupi. Sumaku mbili hubana utumbo katikati yake.

Kagua chupa kila mara kabla ya kumpa mtoto, na akae nayo ukiwa unamwona. Ukiona ufa au unyevu kwenye kizibo, itupe yote pamoja na vilivyomo.